LIWALI NA MLANGO WAKE
Hotuba juu ya kazi ya mtawala wa jimbo katika tarehe

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mfalme asiye na mshirika katika ufalme wake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Waheshimiwa masheikh, wazee, akina mama, na vijana mliohudhuria, jambo lililowekwa mbele ya mkutano huu ni habari ya mtu ambaye kila mmoja amelisikia jina la cheo chake, na wachache wamepata kukaa naye: mtawala wa jimbo. Zamani aliitwa wali au liwali. Wabelgiji walimwita gavana, na hata leo huitwa gavana. Majina yamebadilika pamoja na bendera, lakini kazi ni ile ile. Yeye ni mtu wa katikati. Juu yake yuko mkubwa aliye mbali, na chini yake wako raia walio karibu. Mkubwa hayaoni ya jimboni ila kwa macho ya liwali, na raia hamfikii mkubwa ila kwa mlango wa liwali. Basi mlango huo ukiwa wazi, raia wana serikali. Ukifungwa hawana serikali, hata kama bendera inapepea juu ya paa kutwa kucha.

ASILI YA NENO

Neno liwali limetoka katika Kiarabu, al-wali, na ndimi za watu wa pwani zikaliunganisha likawa neno moja. Katika shina hilo hilo limetoka neno wilaya, yaani nchi aliyopewa wali aitunze. Na limetoka pia neno walii, yaani msimamizi, kama walii wa bibi arusi. Wali huyu si ule wa sahani, ijapokuwa wamepita watawala waliodhani kwamba ni huo huo, wakaketi kula.

Na mwenye kutaka kuifahamu kazi ya wali na amtazame walii wa ndoa. Baba amwozapo binti yake husimama mahali pake, husema kwa niaba yake, na hutazama maslaha yake. Lakini hammiliki, na mahari yatakayotolewa si ya baba, bali ni haki ya binti mwenyewe. Baba akiyala bila ya ridhaa yake amekula mali ya mtu. Hali kadhalika mtawala wa jimbo. Husimama mahali pa watu na husema kwa niaba yao, wala hawamiliki. Na kodi inayopita mikononi mwake ni mahari ya wengine.

MWANZO WAKE KATIKA UISLAMU

Mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630 Miladia, Makka ilipofunguliwa, Mtume (S.A.W.) alimweka Attab bin Asid awe mtawala wake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na mji ule ulijaa wazee wa Kikureshi wenye fahari zao. Imepokewa kwamba posho yake ilikuwa dirhamu moja kwa siku, naye akasimama akawatangazia watu kwamba hiyo yamtosha, wala hana haja na cha mtu. Yatosha kufikiri ni milango mingapi ya rushwa iliyofungwa kwa tangazo lile moja.

Kisha Muadh bin Jabal na Abu Musa al-Ash'ari walipelekwa Yemen, kila mmoja upande wake. Waliagizwa wawafanyie watu wepesi wala wasiwatie katika uzito, na wawape bishara wala wasiwakimbize. Muadh akaamrishwa kwamba zaka itakayochukuliwa kwa matajiri wa nchi ile irudishwe kwa maskini wa nchi ile ile. Na akaonywa aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina ya dua hiyo na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Zingatieni onyo hili. Muadh alikuwa mwanachuoni katika Sahaba, naye hakuachwa aende bila ya kuonywa. Elimu peke yake haimlindi mtawala.

Katika siku zile zile alitumwa mtu mmoja wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema fungu hili ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (S.A.W.) alipanda juu ya mimbari akauliza, mbele ya watu wote, kwa nini mtu huyu asikae nyumbani kwa babake na mamake akaona kama zawadi zitamfuata huko. Hukumu hiyo haijachakaa. Zawadi ambayo isingeletwa kama si cheo, hiyo si zawadi.

SAYYIDNA UMAR NA MALIWALI WAKE

Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alitawala kutoka mwaka 634 mpaka 644. Katika miaka hiyo kumi nchi za Iraq, Sham na Misri ziliingia katika dola ya Kiislamu, na mkubwa aliyekaa Madina hakuweza tena kuyaona mambo yote kwa macho yake. Ndipo kazi ya wali ilipopata taratibu zake.

Kabla ya kumpeleka mtu jimboni, Umar aliiandika mali yake. Akirudi na mali iliyozidi kipimo, ziada hiyo huulizwa, na nyingine ikarudishwa katika Baitul-Mali. Na wali aliwekewa masharti mbele ya mashahidi: asipande farasi wa fahari, asile unga ulio laini kuliko wa watu wake, asivae nguo nyembamba za anasa, wala asifunge mlango wake usoni mwa wenye haja. Na kila mwaka, katika wakati wa Hija, maliwali walitakiwa wahudhurie Makka, na mahujaji wa kila nchi nao wapo. Basi mnyonge wa Misri au wa Basra aliweza kumshtaki wali wake, na wali yuko pale pale anasikia.

Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) alikuwa mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, na jemadari wa vita vya Qadisiyya. Alipokuwa wali wa Kufa alijenga nyumba yenye lango, kwa kuwa makelele ya soko yalimsumbua. Habari ikafika Madina kwamba lango lile linawazuia watu. Umar akamtuma Muhammad bin Maslama, aliyekuwa mkaguzi wa maliwali. Alipofika Kufa alinunua kuni, akaziweka penye lango, akalitia moto. Kisha akarudi Madina, wala hakupokea masurufu aliyopewa na Sa'd. Mtu anaweza kuona kwamba adhabu hiyo ni kubwa kwa lango tu. Lakini Umar alijua kwamba lango lile lilitenga raia na serikali yao.

Wala haki hii haikuwa ya raia peke yao. Baadaye watu wa Kufa walimshtaki Sa'd kwa mambo mengi, hata wakasema kwamba hajui kuswalisha. Umar alimwondoa kazini kwanza ili fitina isienee, kisha akapeleka watu waulize habari zake Kufa, msikiti kwa msikiti, hadharani. Misikitini walimsifu, mpaka walipofika msikiti wa Bani Abs, ambako mtu mmoja alisimama akamlaumu. Na Umar alipokuwa katika mauti yake alisema waziwazi kwamba hakumwondoa Sa'd kwa udhaifu wala kwa khiyana. Basi malalamiko yalisikilizwa, uchunguzi ulifanywa, na heshima ya mtu ilirudishwa. Mambo hayo matatu yakikosekana, mashtaka huwa fitina, na kunyamaza huwa dhulma.

Imesimuliwa pia habari ya Sa'id bin Amir, wali wa Hims katika nchi ya Sham. Watu wake walimlalamikia Umar kwamba hatoki mpaka jua limepanda, hamwitikii mtu usiku, na iko siku moja katika mwezi ambayo haonekani. Umar aliwakutanisha naye uso kwa uso. Akajibu, kwa kuchukia kuyatoa ya nyumbani kwake, kwamba hana mtumishi, hivyo asubuhi hukanda unga na kuoka mkate wa watu wake; usiku ameuweka kwa ibada; na hana ila nguo moja, siku aifuapo hungoja ikauke. Watu wa Hims hawakukosea kuuliza, na wali hakuona aibu kujibu. Hivyo ndivyo kazi inavyopaswa kuwa.

WATAWALA WAWILI WA ZAMA MOJA

Katika zama za Bani Umayya walikuwapo maliwali wawili ambao kila mmoja ni kioo cha mwenzake. Wa kwanza ni al-Hajjaj bin Yusuf, aliyeitawala Iraq tangu mwaka 694 mpaka alipokufa 714. Hakuwa mtu mvivu. Alijenga mji wa Wasit, na alishughulika na mifereji na mashamba. Lakini aliziba vinywa vya watu kwa upanga, na miongoni mwa aliowaua ni mwanachuoni mkubwa Sa'id bin Jubayr. Leo mifereji yake haitajwi, na jina lake limekuwa mfano wa udhalimu.

Wa pili ni Umar bin Abdul-Aziz, aliyepewa Madina mwaka 706, yu kijana bado. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuwaita wanavyuoni kumi wa mji, akawataka ushauri, akawaambia kwamba wakimwona mfanyakazi wake yeyote amedhulumu wamletee habari. Yaani alipofika tu alijifungulia milango kumi juu ya ule wake. Watu waliomkimbia al-Hajjaj walikuja kwake wakapata hifadhi; al-Hajjaj akalalamika kwa Khalifa, na mwaka 712 Umar akaondolewa. Mwema aliondolewa na dhalimu akabaki: tarehe haifichi hilo. Lakini mwaka 717 Umar akawa Khalifa, akatawala miaka isiyotimia mitatu, na hata leo hutajwa pamoja na Makhalifa waongofu.

MWENYE KUTEULIWA NA MWENYE KUNYAKUA

Mwanachuoni al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1058, aliandika juu ya hukumu za utawala. Alibainisha kwamba utawala wa jimbo huja kwa njia mbili. Yuko anayeteuliwa na mkubwa kwa hiari yake, kwa kuwa anafaa. Na yuko anayeinyakua nchi kwa nguvu, kisha mkubwa akamwidhinisha kwa sababu hana uwezo wa kumwondoa. Katika hali hii ya pili, idhini hutolewa ili sharia na umoja visipotee kabisa.

Njia zote mbili zilifika Afrika ya Mashariki. Mazrui wa Mombasa walianza kuwa maliwali kwa jina la Imamu wa Oman. Lakini tangu katikati ya karne ya 18 waliutawala mji kama kwamba hapana mkubwa juu yao, mpaka Sayyid Said alipoutwaa mwaka 1837. Katika karne ya 19 Sultani wa Zanzibar alikuwa na maliwali wake pwani, na bara alikuwa na watu wake Tabora na Ujiji, penye njia za misafara. Kuvuka ziwa Tanganyika kwenda Nyangwe na Kasongo, mkono wa Sultani ulikuwa mfupi, na mwenye bunduki nyingi ndiye aliyekuwa serikali.

WALI WA STANLEY FALLS

Hapa habari inafika nyumbani. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mkubwa wa nchi hizi za Lualaba, na makao yake yalikuwa Kasongo. Tarehe 24 Februari 1887, huko Zanzibar, alitia sahihi mkataba na Stanley kwa niaba ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, awe wali wa Stanley Falls, mahali paitwapo leo Kisangani. Mshahara wake ulikuwa paundi 30 kwa mwezi. Alitakiwa asimamishe bendera ya dola ya Kongo, azuie kuwinda watumwa chini ya maporomoko, na akubali kukaa pamoja na ofisa wa Kizungu.

Utazameni mkataba huo kwa macho ya yaliyotangulia. Mkubwa alikuwa Brussels, naye hakuikanyaga nchi ya Kongo maisha yake yote. Alimwidhinisha Hamed kwa kuwa hakuweza kumwondoa, kama al-Mawardi alivyoeleza. Lakini hakukuwa na sharia iliyokusudiwa kuhifadhiwa, ila njia ya mto na pembe za ndovu. Na raia? Raia hawakutajwa ila kama watu wa kuwindwa au wa kutowindwa. Mtu wa kijiji kilichochomwa, ambaye watoto wake wamefungwa kamba wakapelekwa, angekwenda kumshtakia nani? Akimwendea wali, wachomaji ni watu wa wali. Akitaka kumwendea mkubwa, mkubwa yuko ng'ambo ya bahari.

Hamed aliondoka mwaka 1890 kwenda pwani, asirudi tena, na nduguye kijana Rashid bin Muhammad akashika mahali pake. Mwaka 1892 vita vikawaka baina ya dola ya Leopold na Waarabu na Waungwana wa Maniema. Tarehe 22 Aprili 1893 mji wa Kasongo ukatwaliwa. Hamed alifariki Zanzibar mwaka 1905. Walioshika nchi baada yake walidai kwamba wamekuja kuondoa dhulma. Lakini dola ya Leopold, mpaka ilipokoma mwaka 1908, iliwatoza watu mpira kwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Mlango ulibadilishwa bawaba, wala haukufunguliwa.

Katika nchi hii, wengine ni wajukuu wa walioshika bunduki, na wengine ni wajukuu wa waliofungwa kamba. Na wengi ni wajukuu wa wote wawili, nao leo huswali safu moja. Basi si insafu kumtukuza wali yule kwa kuwa alikuwa Mwislamu, wala si insafu kumbebesha yeye peke yake mzigo uliobebwa na wengi. Dini ilifika Maniema kwa njia ya misafara, na Kiswahili kilifika kwa njia hiyo. Lakini dhulma iliyopita katika njia hiyo si dini. Mwenye kuificha dhulma kwa kuihurumia dini, huidhulumu dini yenyewe.

KUTOKA 1908 HATA LEO

Tangu 1908 mpaka 1960 magavana wa majimbo walikuwa Wabelgiji. Walijenga njia na maofisi, lakini hesabu yao waliitoa Brussels, si kwa mtu wa Kindu au Kasongo. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Katika utawala wa Mobutu, kutoka 1965 mpaka 1997, watawala wa majimbo waliwekwa na kuondolewa na mkono mmoja, na kila mmoja aliutazama mkono huo kuliko alivyowatazama watu. Maniema ilikatwa kutoka Kivu ikawa jimbo peke yake mwaka 1988.

Katiba ya mwaka 2006 ilileta utaratibu mwingine. Gavana na naibu wake huchaguliwa na baraza la jimbo kwa miaka mitano, na wajumbe wa baraza huchaguliwa na raia, isipokuwa wachache wanaoingia kwa njia ya mila. Tangu 2015 majimbo ya Kongo ni 26. Baraza lina haki ya kumwita gavana, kumwuliza, na hata kumwondoa. Mwenye kuelewa ataona kwamba baraza hilo, likifanya kazi yake, ni kama ule mkutano wa Hija: wali yupo, na msemaji wa mnyonge yupo, na swali linaulizwa hadharani. Lakini baraza lililonunuliwa ni lango jingine la kuchomwa.

WAJIBU WA RAIA

Enyi ndugu, si haki kumaliza habari hii kwa kuwalaumu watawala tu, kwani mlango una pande mbili, na upande wa nje umeshikwa na raia.

Kwanza, raia asimpelekee mtawala kitu. Ibn al-Lutbiyya hakujizawadia mwenyewe, walikuwako waliompa. Anayekwenda na mbuzi kwa mkubwa ili jambo lake litangulie, amemfungia mlango asiye na mbuzi. Na asiye na mbuzi mara nyingi ni mjane au yatima.

Pili, jumuiya isimtake mtawala aliye Mwislamu awape Waislamu kisichokuwa haki yao, wala asiye Mwislamu isimnyime heshima anayostahiki. Waislamu wa jimbo hili wamepata kukaa nyuma katika shule na katika kazi za serikali, na kuidai haki hiyo ni wajibu. Lakini haki hudaiwa kwa barua iliyo wazi na kwa hoja, si kwa udugu wa chini ya meza.

Tatu, raia aseme kweli. Asimsingizie mtawala kama wale wa Kufa, wala asinyamaze kwa kujifariji kwamba mwenye nguvu mpishe. Kumpisha mwenye nguvu njiani ni busara. Kumpisha katika haki ya yatima ni kushiriki.

Na kwa vijana waliosoma, ambao huenda kesho mmoja wao akakaa katika kiti kile: akumbuke kwamba Attab alipewa Makka umri ungali mdogo, na dirhamu moja ikamtosha. Siku ya kwanza na atazame mlango wake kabla ya kutazama kiti chake. Aulize nani anaingia, nani anangoja, na nani amekwisha kata tamaa akarudi kwao. Kwani huyo wa mwisho, dua yake haingoji mlango wa mtu.

Mwenyezi Mungu awaongoze watawala na watawaliwa, awarehemu waliotangulia, walioonewa katika nchi hii na waliotubu kwa kuonea, na ajaalie jumuiya hii iwe ya wasema kweli. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.